Inajua Deni, Haijui Njia

Kila likizo ikikaribia, mtandaoni wanajitokeza watu wa Nairobi walewale na lalamiko lilelile: boda wa ushago hajui kutumia ramani. Unamtumia pini, anakupigia simu. Unamtumia lokesheni, anauliza, "Hapo ni karibu na wapi?" Unamwambia afuate tu simu, anasema simu haina bando, au ina bando lakini haina chaji, au ina vyote na bado hataki. Halafu zinamiminika emoji za kucheka, na lazima mtu mmoja aandike kwamba ndiyo maana hatuendelei.

Nabishana na hiyo stori kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu inawaangukia watu ambao hawapo kwenye huo mjadala kujitetea. Waendeshaji boda wa Longisa wanaijua GPS vizuri. Wengi wanaishi nayo usiku na mchana. Imefichwa ndani ya pikipiki zao, na si wao walioiweka.

Kama hupajui, Longisa ni mji mdogo wa kaunti ya Bomet, kando ya lami inayotoka Narok, ukishapita Mulot na kabla hujafika Bomet mjini. Kuna soko, kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kuna boda, kwa sababu lami ni moja na watu wanaishi kwingine kote. Ukishashuka matatu, safari iliyobaki ni ya pikipiki au ya miguu.

Sasa fikiria kijana wa hapo asiye na shamba kwa jina lake wala payslip. Benki haitamsikiza. Anaenda kwa kampuni ya mikopo, analipa depoziti, anapewa Boxer au TVS, na kuanzia wiki hiyo anadaiwa kupitia simu hadi deni liishe. Kabla pikipiki haijatoka, fundi anafunga kifaa kidogo chenye antena ya GPS na laini ya simu. Antena inasikiliza setelaiti na kujua ilipo. Laini inapeleka jibu ofisini. Baadhi ya vifaa hivi vinaweza hata kuzima injini kutoka mbali. Na mara nyingi bei ya kifaa imo ndani ya mkopo, kumaanisha kijana analipia kamba aliyofungiwa.

Kifaa hicho hakipotei. Akichelewa kulipa, pikipiki itafuatwa nyuma ya zizi la mjomba wake Merigi, au chini ya mti kule Chemaner, au ng'ambo ya mto Amala. Hakuna atakayempigia kumuuliza ni karibu na wapi. Lakini huyo huyo, akitaka setelaiti hizo hizo zimpeleke kwa kogo, nyanya wa mtu, aliyeagiza dawa kutoka duka la Longisa, anaambiwa ageuke kushoto ndani ya shamba la mahindi.

Mtu akiniambia teknolojia haifanyi kazi mashinani, namuuliza: haifanyi kazi kwa nani?

Wacha tuelewane kidogo kuhusu hii mashine, maana watu huchanganya. Setelaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kazi yao ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko hapa, saa ni hii. Simu yako ikisikia angalau nne inapiga hesabu na kujua ilipo. Haizitumii setelaiti kitu chochote, na kwa sehemu hiyo haihitaji bando hata kidogo. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiharibu makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, usahihi mzuri ubaki kwa jeshi. Tangu waache huo mchezo, simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Na anga ya Bomet ni wazi. Katikati ya Nairobi mawimbi yanagonga maghorofa, yanaruka, yanafika kwa simu yamechelewa, na ndiyo maana ukiwa Moi Avenue kile kidoti cha bluu hurukia mtaa wa pili. Kwa swali la "niko wapi?", mtu aliyesimama kwenye kilima cha Kembu anapata jibu safi kuliko wewe uliye town.

Shida ni swali la pili: "nifike vipi?" Hilo setelaiti hazilijui kabisa. Jibu lake lilichorwa na mtu, ofisini au kwa kuangalia picha za kutoka angani, na aliyechora hakuwahi kupita hapo siku ya mvua.

Tuanze na pini yenyewe, ile unayomtumia boda kwa kiburi. Kogo yuko ndani ya nyumba ya mabati. Mabati yanazuia mawimbi ya setelaiti. Simu ikikosa setelaiti inakisia kwa kutumia minara ya simu, na mashinani minara iko mbalimbali, kwa hivyo kukosea kilomita nzima si ajabu. Pini inaangukia kilima cha pili. Ukitazama kwenye kioo ni kidole kimoja tu, si mbali. Kwa ardhi, katikati kuna bonde, ndani ya bonde kuna mto, na daraja liko huko chini kabisa. Boda akiuliza "karibu na wapi?" anafanya kile ambacho simu imeshindwa kufanya: anahakikisha. Mwambie ni nyuma ya kanisa la AGC, nyumba ya pili ukipita kinu cha kusaga mahindi, na atafika kabla hujamaliza kutuma hiyo pini mara ya tatu.

Halafu kuna majina. Andika Kapkoros uone. Kwa Wakipsigis na Wakalenjin wengine, kapkoros palikuwa mahali pa kuabudia pamoja, kwa hivyo jina lenyewe liko huku na kule na haliwezi kuwa la mahali pamoja tu. Kap- ni kama kusema "kwa" fulani, na watu wenye jina hilo ni wengi, na vilima ni vingi. Shule inaandika jina hivi, kanisa vile, chifu kivyake, na ramani inachagua moja na kunyamaza. Sauti ya simu nayo ikijaribu kutamka Kapkimolwa, mwendeshaji anacheka hadi karibu aanguke. Ni afadhali isingesema.

Barabara ndizo balaa zaidi. Programu za ramani zina tabia ya kukulazimisha uwe juu ya barabara zinazoijua. Ukipita njia ambayo haijachorwa, inakuvuta kwa kioo hadi barabara iliyo karibu, hata kama iko ng'ambo ya mto, kisha inaanza kukupigia kelele ugeuze. Daraja la mbao ambalo boda anavuka kila asubuhi halipo. Njia ya ng'ombe iliyochorwa kama barabara ipo. Ukielekea Konoin na Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, mistari imenyooka mizuri kama ya Karen, lakini ni barabara za kampuni, zina geti, geti lina askari, na askari hajali simu yako inasema nini. Unarudi ulikotoka na mafuta yameenda.

Na mvua je? Ramani inajua foleni ya Thika Road dakika kwa dakika, kwa sababu simu za walio kwenye hiyo foleni zinairipoti. Haijui kwamba hapa kuanzia Machi hadi Mei mvua hushuka alasiri, na kwamba udongo mwekundu uliokuwa barabara saa nne asubuhi ni sabuni saa kumi jioni. Kwenye chai, lori la majani likipita mara mbili siku kama hiyo, linaacha mitaro miwili ambayo gurudumu la pikipiki haliwezi kuitoka. Boda anajua ni mteremko upi wa kuepuka hata kama unaongeza kilomita tatu. Simu inaona kilomita tatu tu. Inasema, "Kuna njia fupi zaidi." Ni kweli, na mwisho wake ni mtaroni.

Kuna pia ujinga mdogo mdogo ambao anayeendesha gari hawezi kuujua. Tone la mvua kwenye kioo cha simu linahesabiwa kama kidole, ramani inajikuza, inajifunga, inapigia mtu simu. Jua la saa sita linafuta kioo chote. Ukisimama njia panda, mshale unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu hazina dira. Hujua unakoelekea ukiwa kwenye mwendo tu, yaani itakuambia ugeukie wapi ukishageuka. Apple wenyewe mwaka 2021 waliwaonya wateja wao kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone iliyofungwa kwenye usukani. Hao walikuwa wakiongea na watu wa barabara laini na simu zenye udhamini. Wewe unamtaka mtu afunge simu yake ya pekee, ambayo ndiyo M-Pesa yake na ndiyo ofisi yake, aipeleke kwenye mawe ya Chemaner ili usisumbuliwe kupokea simu.

Lakini hayo yote ningeyaachilia kama hasara ingegawanywa sawa. Haigawanywi. Pini ikikosea, anayezunguka ni boda, mafuta ni yake, muda ni wake, na akifika mteja anasema bei ilikuwa ile ile. Programu za kuita pikipiki zinakupa bei kabla safari haijaanza, ikihesabiwa kutoka kwenye hiyo hiyo ramani, kwa hivyo kosa la mchoraji linageuka kuwa deni la mwendeshaji. Wenzetu wa Kigali wanaijua hii. Januari 2022 waendeshaji wa moto waliandamana kuhusu mita za lazima zenye GPS, wakilia kwamba makato yanawamaliza. Waandamanaji hao hawakuogopa setelaiti. Walitazama hesabu ya mwisho wa siku.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Google imekuwa wazi kwa miaka mingi kwamba mwendo wa simu zetu ndio unaoipa picha ya barabara. Ilipoleta njia ya pikipiki kwenye Google Maps, ikianzia India Desemba 2017 na baadaye kufika kwetu, ilitangaza kwamba sasa ramani inajua zile njia ambazo gari haliwezi kupita. Ramani haikuzaliwa inazijua. Kuna mtu alizipita kwanza, simu mfukoni, akitafuta riziki yake. Kabla ya hapo kulikuwa na Map Maker, kuanzia 2008 hadi 2017, ambapo watu wa kawaida, Wakenya wakiwemo, walichora barabara za kwao kwa mikono yao bure. Mradi ukafungwa, michoro ikabaki kwa kampuni. Yaani boda wa Longisa anaifundisha ramani njia, kisha ramani inauzwa kama kitu ambacho yeye amekataa kujifunza.

Rudi sasa kwenye kile kifaa cha mdai. Usiku na mchana kimeandika kila mahali pikipiki imepita. Zidisha kwa kila pikipiki ya mkopo iliyoko Bomet. Kwenye kompyuta za hizo kampuni kuna rekodi ya njia za kaunti hii ambayo hakuna ofisi ya serikali inayo: ni njia zipi zinapitika Januari na zipi zinaachwa Aprili, madaraja yapi yanavukika, boda wanazunguka wapi, mwendo unashuka kuwa wa kutembea kwenye mteremko gani. Ni ramani kamili ya pikipiki, ya misimu yote, imelipiwa na waendeshaji wenyewe. Na inafanya kazi moja tu, kukamata.

Hiyo ndiyo kashfa, na sioni emoji zikimiminika juu yake.

Mtu ataniambia bila kifaa hakuna mkopo, na bila mkopo huyo kijana angekuwa anakaa sokoni akingojea kibarua. Nakubali. Pikipiki ndiyo dhamana yenyewe, na mkopeshaji ana haki ya kujua iliko. Sisemi king'olewe. Nasema mwenye pikipiki naye aione hiyo rekodi. Wala si ndoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa data yake inatumika vipi, na haki ya kuipata. Mahali ulipopita ni data yako. Mtu mwingine atasema boda nao si malaika, wakiona viatu vya Nairobi bei inapanda maradufu. Kweli, nimeona, na hapo ramani inasaidia: angalau unajua ni kilomita ngapi kabla ya kuanza kubishana. Msichana anayepanda boda usiku na kumtumia dadake lokesheni hai pia ana sababu nzuri kabisa, na hakuna hoja yangu inayomtaka aache.

Ninachopinga ni kufanya simu iwe hakimu na boda awe mshtakiwa, ilhali kazi ya kweli ya mahali kama Longisa inategemea huyo mshtakiwa. Pale kuna hospitali ya rufaa. Watu wanaletwa kutoka vilimani, na wengi hawaji kwa ambulansi. Mama ameshikwa na uchungu saa nane usiku, mume anampigia boda anayemjua, anasema, "Ni mimi, kwa mzee wa dipu," na inatosha. Boda anajua dipu ya ng'ombe ipi, anajua jioni kulinyesha, anajua asipite chini kwa mto. Dereva mgeni wa ambulansi, hata awe na nia njema namna gani, akipewa pini iliyokosea kilomita moja kwenye giza hilo, atakuwa anazunguka kilima kisicho chake mtoto akizaliwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoongelea. Ukimcheka boda kwa kuuliza "karibu na wapi?", unalicheka swali ambalo huenda siku moja litamfikisha mamako hospitalini.

Na maarifa hayo yanaweza kuwekwa kwenye ramani. Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandao hadi 2009, vijana wa hapo walipoingia na vifaa vya GPS na kuchora vichochoro vyao kwenye OpenStreetMap, ambayo haimilikiwi na kampuni na mtu yeyote anaweza kuitumia. Dar es Salaam, Ramani Huria ilianza 2015 kwa wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao, hasa kwa sababu ya mafuriko. Hawakuhitaji setelaiti mpya. Walihitaji mtu wa pale kushika kalamu. Kaunti ya Bomet ina wadi, ina machifu, ina bajeti ya barabara, na ina steji zenye wenyeviti na rejista za wanachama. Iwakalishe waendeshaji chini kwa wiki moja, iwalipe kama inavyomlipa konsalta yeyote, wataje njia, madaraja, majina kama yanavyotamkwa, na miezi ya kila njia. Barabara tu zichorwe. Nani alikuwa wapi saa ngapi ibaki siri yake. Na hospitali ndiyo ipewe nakala ya kwanza.

Najua kaunti haitaamka kesho. Kwa hivyo anayeenda kusaini karatasi za mkopo wiki ijayo aulize mambo matatu kabla ya kuweka sahihi: hiki kifaa kinarekodi nini, nani anaiona hiyo rekodi, na mimi nikiitaka nitaipata kwa njia gani. Aombe jibu kwa maandishi. Akizungushwa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na malalamiko yanapokelewa bila wakili. Wakimwambia hakuna boda aliyewahi kuuliza hivyo, awaombe waandike tarehe.